Kabla Hujanunua Kadi ya Picha

Vijana wa Butembo na Beni wanaoendesha magari ya mashindano kwenye kompyuta wana swali moja: ninunue kadi gani ya picha? Swali hilo limetangulia mno. La kwanza ni hili: kompyuta yako inakwama wapi? Wengi hawajawahi kulichunguza, na hapo ndipo dola zinapoanza kupotea. Mtu anaweka akiba miezi na miezi, anamwagiza mfanyabiashara anayeshuka Kampala, mzigo unavuka mpaka wa Kasindi, kadi mpya inafungwa, na gari linaendelea kushtukashtuka kwenye kona ileile ya zamani. Muuzaji yuko ng'ambo ya mpaka na hakuna wa kurudishiwa mali. Kwetu, kosa la kununua ni ghali kuliko kwa mtu wa Nairobi anayeweza kurudi dukani kesho yake asubuhi.

Ninachotaka kukushawishi, ndugu msomaji, ni kwamba katika michezo hii utulivu wa picha una thamani kuliko uzuri wake, na kwamba katika miji yetu miwili utulivu huo hutegemea prosesa, umeme na upoaji kabla ya kutegemea kadi.

Michezo ya mbio inayoiga gari halisi haifanani na mpira wa miguu wa PlayStation. Chukua Assetto Corsa, kazi ya Waitaliano wa Kunos Simulazioni, iliyotoka kamili mwaka 2014. Mchezo huo hukokotoa mwendo wa gari mara 333 katika kila sekunde: tairi limebonyea kiasi gani, uzito umehamia gurudumu lipi, mpira umeanza kuteleza au bado unashika. iRacing, iliyoanza mwaka 2008, hufanya hivyo mara 360. Hesabu zote hizo ni kazi ya prosesa. Kadi ya picha huchora tu kile ambacho prosesa limekwisha kukipigia hesabu. Sasa ongeza wapinzani 20 wanaoongozwa na kompyuta yenyewe: kila mmoja ana injini yake, matairi yake na uamuzi wake wa kupita kulia au kushoto, na yote hayo yanalielemea prosesa lilelile.

Prosesa likizidiwa, huwezi kuliokoa kwa kadi. Assetto Corsa huwa inakuambia waziwazi: onyo hutokea kwenye skrini kwamba matumizi ya prosesa yamepita asilimia 99. Ukiliona onyo hilo, weka pochi yako mfukoni kwanza, punguza wapinzani kutoka 20 hadi 8, kisha utazame tena.

Kipimo ninachokiamini hakihitaji fedha. Endesha mizunguko michache huku kihesabu cha fremu kikiwa wazi. Fremu ni zile picha zinazochorwa kila sekunde. Skrini nyingi za kawaida huonyesha 60. Andika namba unayopata, hasa ile ya chini kabisa kwenye kona yenye magari mengi. Halafu ingia kwenye mipangilio, shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, na uendeshe palepale, kwa gari lilelile, na wapinzani walewale. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa inabanwa. Zikibaki palepale, kadi yako ilikuwa inasubiri tu, na kinachokwama ni prosesa. Kisha geuza: rudisha ukubwa wa picha na uondoe wapinzani wote. Ikiwa sasa mambo yamelainika, jibu umelipata kwa njia mbili.

Kwa nini nasisitiza utulivu? Gari likienda kilomita 200 kwa saa, linasafiri mita 55 na zaidi kila sekunde. Kwa fremu 60, kati ya picha moja na inayofuata gari limesogea kama sentimeta 93. Kwa fremu 30 limesogea karibu mita 1.85. Dereva mzuri huizoea hata hiyo ya pili, mradi isibadilike. Asichoweza kuzoea ni fremu 70 kwenye barabara iliyonyooka na 25 anapokanyaga breki, kwa sababu jicho na mguu wake hupata habari kwa wakati usiotabirika. Kwa hiyo funga fremu zako: kwenye mipangilio weka kikomo cha 60, kisha punguza mapambo mpaka kompyuta iishike 60 hiyo hata kwenye msongamano wa kuanzia. Anza na vivuli. Fuata mwakisiko wa picha kwenye bodi ya gari, moshi, na vioo vya nyuma. Vioo huufanya mchezo uichore dunia mara ya pili kwa ajili ya kile unachokiona nyuma yako. Mwenendo wa tairi na uhalisia wa mwendo usiviguse. Hivyo ndivyo vilivyokufanya uache michezo mingine.

Kikomo hicho kina faida ya pili ambayo waandishi wa Ulaya na Marekani huitaja mara chache, kwa kuwa wao hawahesabu wati jioni. Kadi iliyofungwa kwenye fremu 60 hula umeme kidogo kuliko ile inayoachiwa kukimbilia 140 ambazo skrini yako haiwezi kuzionyesha.

Na hapa tufike kwenye umeme, maana kwetu ndipo uamuzi wa vifaa unapoanzia.

Fanya hesabu pamoja nami. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100, zile zinazofungwa na paneli za jua kwenye nyumba nyingi, ina wati-saa 1,200 kwa jina. Ukitaka iishi, usiikamue zaidi ya nusu: zimebaki 600. Inveta nayo hula sehemu yake, kama asilimia 15: zimebaki 510. Kompyuta ndogo ya ofisi yenye kadi ya GTX 1050 Ti, pamoja na skrini ya LED ya inchi 22, hula wastani wa wati 150 mchezo ukiwa umechanganya. Utaendesha saa 3 na zaidi kidogo. Jirani yako mwenye RX 580, kadi ambayo peke yake imeandikiwa wati 185, atakuwa anavuta kama wati 330 kwa jumla. Ana saa 1 na nusu, na kwa kweli ni pungufu ya hapo, kwa sababu betri ya asidi ikivutwa kwa nguvu hutoa kidogo kuliko ilivyoahidi. Picha zake ni nzuri kuliko zako. Lakini wewe utamaliza mbio ya saa 2, naye hataimaliza.

Wanaotegemea jenereta, yale magrupu madogo ya petroli yaliyojaa mitaani, wajue jambo ambalo halikuandikwa kwenye boksi. Injini ya petroli hupoteza nguvu kadiri unavyopanda mlima, takriban asilimia 3 kwa kila mita 300, kwa sababu hewa ni nyepesi. Butembo iko juu ya mita 1,700. Grupu lililoandikwa wati 650 litegemee kwa wati 540 hivi, na hapo hapo kuna taa, televisheni ya wazazi na simu za nyumba nzima. Beni iko chini zaidi na hasara yake ni ndogo. Grupu dogo likizidiwa, volti hushuka na kupanda. Taa ikipepesa, usiendelee kucheza. Weka stabilaiza kati ya grupu na kompyuta, au bora zaidi onduleri, ile yenye betri ndani inayokupa dakika chache za kuzima kwa heshima. Umeme ukikatika ghafla diski ikiwa inaandika, unaweza kupoteza zaidi ya mbio moja.

Ukinunua inveta, uliza ni ya aina gani. Zile za bei ya chini hutoa umeme wa ngazingazi badala ya wimbi laini. Baadhi ya boksi za umeme za kompyuta huukataa umeme huo: huvuma, huwa moto, au hujizima mchezo unapoanza kuvuta nguvu. Watu huilaumu kadi, kumbe ni inveta. Nyongeza ya bei kwa inveta ya wimbi laini inastahili kila dola.

Baada ya umeme, sasa tuzungumze kompyuta yenyewe. Zinazotufikia kwa wingi ni zile zilizostaafishwa maofisini: Dell OptiPlex, HP Elite, Lenovo ThinkCentre, zikipitia Dubai au Kampala. Usizidharau. OptiPlex 7010 ya mwaka 2012 yenye Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM ya GB 8 na kadi ya wastani, huiendesha Assetto Corsa vizuri, kwani mchezo huo wenyewe uliandikiwa mahitaji ya chini ya RAM ya GB 2 na Core 2 Duo. Ukipata siku moja Core i7-3770, inaingia kwenye soketi ileile bila kubadilisha bodi, na kwa mchezo wenye wapinzani wengi utaona tofauti kubwa kuliko ya kadi yoyote.

Lakini pima kasha kabla ya kununua. Kuna OptiPlex nene na kuna nyembamba. Nyembamba ina boksi ya umeme ya wati 240 na nafasi ya kadi fupi tu, zile za nusu kimo. Haina waya wa ziada wa kulisha kadi kubwa. Kwa kasha hilo kadi ni lazima iridhike na wati 75 zinazopita kwenye tundu la bodi: GTX 750 Ti ya mwaka 2014, GTX 1050 Ti ya 2016, au GTX 1650, na kwa zote mtake muuzaji akuonyeshe toleo la nusu kimo. Kadi ndefu haitaingia hata ukimpa fundi msumeno. Ukiwa bado hujanunua lolote, chukua kasha nene. Tofauti ya bei ni ndogo na mlango wa kesho unabaki wazi.

Jihadhari na jina moja lenye vitu viwili ndani. GT 1030 iko ya kumbukumbu ya GDDR5 na iko ya DDR4. Boksi zinafanana, jina ni lilelile, lakini ya pili hupitisha data GB 16.8 kwa sekunde badala ya GB 48, na kwenye mbio itakuangusha. Hivyohivyo kuna RX 580 yenye maandishi 2048SP, ambayo kwa kweli ina nguvu za RX 570. Si wizi, ni kadi halali, ila usiilipie bei ya RX 580 kamili.

Wizi wenyewe upo pia, na umefika mbali. Kuna kadi za zamani za mwaka 2010 na 2011 zilizoandikwa upya ndani ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows huamini, na muuzaji mwenyewe huenda hajui, kwa hiyo usimwendee kwa matusi. Tazama nyuma ya kadi: kizazi cha GTX 1050 Ti kiliacha kabisa ishara ya zamani ya VGA. Ukiona tundu la bluu la VGA kwenye kadi inayodai jina hilo, irudishe mezani. Kisha uwe na programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z kwenye flashi yako; tangu mwaka 2018 huandika wazi kwamba kadi ni bandia ikiitambua. Mwombe muuzaji awashe kompyuta, uifungue hapo hapo, na ucheze dakika 20 kabla fedha hazijabadilisha mkono. Muuzaji mwema hatakasirika. Anayekataa kuwasha amekwisha kukujibu.

Wale wasio na kadi kabisa wasikate tamaa. Maprosesa yenye picha ndani yake, kama Ryzen 5 3400G au 5600G, huendesha michezo ya kizazi cha Assetto Corsa kwa mapambo ya kati, kwa wati chache. Sharti lake ni moja na watu hulipuuza: picha za aina hiyo hukopa RAM ya kompyuta, kwa hiyo njia ya RAM ndiyo barabara yake. Vijiti viwili vya GB 4 vilivyowekwa kwenye matundu sahihi hupitisha data maradufu ya kijiti kimoja cha GB 8. Ukubwa uleule, bei karibu ileile, na fremu nyingi zaidi.

Kuhusu diski sina mengi. SSD haikuongezei fremu, lakini inaondoa kule kukwama kidogo mchezo unaposoma sehemu mpya ya barabara, na inaifanya kompyuta kuukuu iwake upesi. Ya GB 240 inatosha kuanzia ikiwa utachagua michezo yako. Assetto Corsa Competizione ya mwaka 2019 inadai GB 50 peke yake, na inapendekeza RAM ya GB 16. Kwa gharama ya intaneti ya simu tuliyo nayo, mchezo kama huo usiupakue peke yako. Marafiki wanne walioununua kihalali wapakue mara moja, wanakili faili kwenye diski ya nje, kisha kila mmoja aunganishe kwenye akaunti yake ya Steam; Steam itakagua faili na kupakua kile tu kilichopungua. Na mara umalizapo, iambie Windows kwamba mtandao wako ni wa kulipia kwa kipimo, la sivyo masasisho yatakula megabaiti zako na prosesa lako katikati ya mbio.

Sasa chaguo la mchezo wenyewe, ambalo nalihesabu kuwa sehemu ya vifaa. Mwenye prosesa dhaifu apende rali. Katika rali uko peke yako na saa barabarani. Hakuna wapinzani 20 wa kukokotolewa. DiRT Rally ya mwaka 2015 iliandikiwa kompyuta za kawaida kabisa, na Live for Speed, ambayo ni ya tangu 2003, ina sehemu ya bure inayofundisha kushika gari kuliko michezo mingi ya kifahari. BeamNG.drive kinyume chake hukokotoa hata kukunjika kwa bati, na kila gari unaloongeza linadai sehemu yake ya prosesa; huo uache mpaka uwe na prosesa la miaka ya karibuni. Na kwa sisi wa ukanda huu kuna raha ya pekee kwenye rali. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, ikarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 huko Naivasha, na vumbi lake jekundu limo ndani ya WRC 9 na EA Sports WRC ya 2023. Kijana aliyepita Butembo hadi Beni kwa gari wakati wa kiangazi analijua vumbi hilo kwa pua yake.

Vumbi hilohilo ndilo adui wa kompyuta yako. Hewa ya Butembo ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, hivyo feni ikizunguka kwa kasi ileile hubeba joto kidogo. Ubaridi wa mji hutusaidia kufidia. Beni haina ubaridi huo. Mchana wake ni moto, na kompyuta iliyofungiwa kwenye meza yenye mlango wa mbao itajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Dalili yake ni rahisi kuitambua: dakika 10 za mwanzo mchezo ni laini, kisha unaanza kuburuta. Hilo si kadi wala prosesa bovu. Zima, chomoa, fungua kasha, shika feni kwa kidole isizunguke, piga vumbi kwa brashi laini ya rangi. Kama kompyuta ina zaidi ya miaka 5, mwombe fundi abadilishe ile pasta iliyo kati ya prosesa na chuma chake cha kupozea. Kwa zilizostaafu ofisini mara nyingi imekauka kama udongo. Fanya hivyo mwanzoni mwa kila kiangazi. Ni matengenezo ya dola chache, na nimeona yakirudisha fremu nyingi kuliko kadi mpya.

Kompyuta ya kupakata ina hoja yake kwetu: betri yake ni onduleri tayari, na inakula kidogo. Lakini chomoa chaja na utaona fremu zinaporomoka, kwa sababu inajibana ili kuhifadhi betri. Iendeshe ikiwa imechomekwa, inua upande wa nyuma ili ivute hewa, na usiiweke kamwe juu ya godoro.

Kuna mambo mawili ya bure ambayo yaangaliwe leo hii kabla ya mengine yote. Waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi, au kwenye bodi? Ukiwa kwenye bodi, kadi uliyoilipia imelala. Na kama unatumia televisheni badala ya skrini, ingia kwenye menyu yake uchague Mode Jeu, yaani hali ya mchezo. Televisheni huisafisha picha kabla ya kuionyesha, na ucheleweshaji huo mdogo ndio unaokufanya uchelewe kukata kona na kujilaumu bure.

Ukiwa umefika hapa, na kompyuta inashika fremu 60 bila kutetereka, dola zako zinazofuata zisiende kwenye kadi kubwa zaidi. Zipeleke kwenye usukani. Logitech G27 au G29 iliyotumika, inayozunguka nyuzi 900 na kukurudishia mkononi kile tairi linachokifanya, itakupa sekunde ambazo hakuna kadi inayoziuza. Hakikisha inakuja na adapta yake ya volti 24, kwa sababu nyingi za Dubai huuzwa bila hiyo na bila adapta usukani hauna nguvu. Kanyaga breki polepole huku ukitazama mstari wake kwenye skrini: ukirukaruka, kuna vumbi kwenye kihisi cha pedali. Husafishika, lakini bei ishuke kwanza.